Kupanga kitabu cha shule cha mwaka ujao pamoja na wanafunzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa walimu walezi waliokabidhiwa kitabu cha mwaka (kitabu cha picha na habari za wanafunzi na matukio ya mwaka mzima wa shule) kwa mara ya kwanza, na kwa wanafunzi wanaojiandaa kuingia kwenye kamati ya uhariri. Majibu ni marefu pale ambapo kosa huumiza zaidi.

Tuanze kupanga lini?

Anzeni wakati kitabu cha mwaka huu bado kiko kwa mpiga chapa. Wengi hupumzika hapo, na uchovu wao naujua, lakini hizo ndizo wiki pekee ambazo waliokitengeneza bado wapo shuleni na bado wanakumbuka. Mhariri anayemaliza masomo anajua ukumbi upi una giza, mashindano yapi hubadilishwa tarehe bila taarifa, na darasa lipi lilichelewesha picha zake mwezi mzima. Akiondoka, anaondoka na yote hayo kichwani.

Kitabu kikifika, tengeni nakala moja iwe nakala ya kazi. Kaeni wote, wa zamani na wapya, mpitie ukurasa baada ya ukurasa mkiwa na kalamu nyekundu: jina lililokosewa, uso uliomezwa na mshono wa katikati, makala ndefu ambayo hakuna aliyeimaliza. Asitafutwe wa kulaumiwa, mnaandika tu. Nakala hiyo iliyojaa wino ndiyo hati ya kwanza ya kitabu kijacho.

Kazi ya kwanza si kuchagua mada?

Kazi ya kwanza ni orodha ya majina. Kama mtasoma jibu moja tu hapa, someni hili.

Mwaka mmoja tuligawa kitabu nilichokuwa najivunia sana. Mvulana mmoja mpole wa darasa la mwisho alisimama pembeni akifunua kurasa, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Najitafuta, mwalimu." Tulitafuta pamoja. Tulimkuta kwenye picha ya darasa, mstari wa nyuma, nusu ya uso imezibwa na bega la mwenzake, na jina lake limepungua herufi moja. Katika kitabu hichohicho nahodha wa timu ya mpira alikuwa na picha 11. Hakuna aliyekusudia hivyo. Wapiga picha walikwenda kwenye shangwe, na yule mvulana hakuwa mtu wa shangwe. Kila asubuhi alikuwa akifika kabla ya kengele kuipanga maktaba, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kule na kamera.

Tangu hapo kamati yangu haifungui mjadala wa mada kabla jedwali la majina halijakamilika. Kila mwanafunzi wa shule ana mstari wake: jina, darasa, kisha safu kadhaa tupu. Ukurasa ukikamilika, mtunza orodha anaandika namba ya ukurasa huo mbele ya jina la kila aliyeonekana. Tunachotaka ni kila mmoja aonekane walau mara 3: picha yake ya uso, na mara 2 nyingine akiwa anafanya jambo. Aliyefikisha mara 5 anawapisha wengine, hata akiwa nahodha. Mwisho wa kila mwezi majina yenye safu tupu husomwa kwa sauti, na kila mwanakamati anachukua matatu au manne ya kuyafuata. Mwishoni mwa mwaka jedwali hilohilo linageuka kuwa faharasa, bila kazi ya ziada.

Na msiamini rejista pekee. Jina linaweza kuwa lilikosewa tangu siku ya kuandikishwa, na mwenyewe amechoka kulalamika. Kila mwanafunzi aandike jina lake kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, kama anavyotaka lisomwe. Hiyo ni kazi ya wiki moja, na ifanyike mwanzoni mwa mwaka.

Tuwachague vipi wanakamati, na wawe wangapi?

Idadi inategemea ukubwa wa shule. Nimeona wanafunzi 8 wakitengeneza kitabu kizuri na 30 wakishindwa. Cha muhimu zaidi ni mchanganyiko. Kamati ikiwa ya marafiki wa kundi moja, kitabu kitakuwa albamu ya kundi hilo, hata wakijitahidi kuwa waadilifu. Chukueni kutoka kila darasa na kila kona ya shule: wa kwaya, wa michezo, wa maabara, na wale wasio na klabu yoyote. Angalau theluthi moja wawe wanafunzi ambao mwaka utakaofuata bado watakuwepo, la sivyo kila mwaka mtaanza upya.

Barua ya maombi peke yake hainiambii mengi. Huwa nawapa jaribio dogo: ndani ya siku 3, leta picha moja ya mtu usiyemfahamu akiwa kazini, majina yake kamili, na sentensi 2 kuhusu anachokifanya. Anayerudi na jina sahihi la mtu aliyekuwa mgeni kwake ameshaonyesha kwamba anaiweza kazi. Kutumia kamera na programu ya kupanga kurasa atafundishwa.

Nani afanye nini?

Kuna mhariri mkuu, mhariri wa picha, mhariri wa maandishi na msanifu wa kurasa, na hao kila mtu anawakumbuka. Wanaosahaulika ni wawili: mtunza orodha, ambaye kazi yake nimeieleza, na mtunza ratiba, anayejua kila tukio la wiki ijayo na nani ametumwa kulipiga picha. Mpeni mtunza orodha mamlaka ya kweli. Akisema ukurasa huu haupiti kwa sababu sura zote tumekwisha kuziona, ukurasa usipite.

Mwalimu mlezi na mhariri mkuu, nani mwenye neno la mwisho?

Kubalianeni kabla hamjagombana, na muandike. Kwangu, mambo ya ladha (rangi, aina ya herufi, picha ipi iwe kubwa) huyaachia wanafunzi, hata pale ambapo mimi ningechagua tofauti, maana kitabu ni chao. Mambo manne nabaki nayo: pesa, ruhusa za picha, jambo lolote linaloweza kumdhalilisha mtu, na sahihi ya mwisho kabla ya kuchapa. Wanafunzi wanapojua mpaka uko wapi hufanya kazi kwa uhuru zaidi kuliko wanapoambiwa "amueni tu", kisha mwalimu akatengua uamuzi wao siku ya mwisho.

Mada nzuri tutaipataje?

Itafuteni kwenye mwaka wenyewe. Kuna kitu kinachotofautisha mwaka huu na uliopita: jengo linajengwa, mwalimu mkuu mpya, darasa la kwanza kusoma somo fulani, ukumbi umefungwa na watu wote wanakutana uwanjani. Mada iliyotolewa kwenye maneno makubwa kama ndoto, safari au mwanga ingeweza kubandikwa kwenye kitabu cha shule yoyote. Ijaribuni hivi: je, mada hii inatupa vichwa vya sehemu angalau 5 bila kulazimisha? Je, mwanafunzi wa darasa la chini kabisa anaielewa bila kuelezwa? Ikishindwa, endeleeni kutafuta. Ikipita, iwe kwenye jalada, kwenye kurasa za kufungulia sehemu, na kwenye ukurasa wa mwisho. Haihitaji kutajwa kila mahali.

Kitabu kiwe na kurasa ngapi, na tuzigaweje?

Kurasa hazichapwi mojamoja. Mpiga chapa hutumia karatasi kubwa, akaikunja na kuikata, na mara nyingi karatasi moja iliyokunjwa hutoa kurasa 16. Kwa kitabu kinachobanwa kwa pini katikati, jumla ni lazima igawanyike kwa 4. Kwa hiyo kurasa 64 zinaingia sawasawa kwenye mikunjo 4 ya kurasa 16, ilhali 66 zinaweza kuwaletea gharama isiyo na sababu. Muulizeni mpiga chapa mikunjo yake ni ya kurasa ngapi kabla ya kuamua.

Kisha chora mpango wa kurasa: karatasi ndefu yenye mistari, kila mstari ukurasa mmoja, kushoto namba shufwa, kulia namba witiri, kama zitakavyokuwa kitabu kikifunguliwa. Anza na visivyobadilika. Shule yenye wanafunzi 400, mkiweka picha za uso 20 kwa ukurasa, tayari imekula kurasa 20. Ongeza walimu na wafanyakazi wote, na nasisitiza wote, wapishi na walinzi wakiwemo. Faharasa, vilabu, michezo. Zinazobaki ndizo za matukio na hadithi. Acheni kurasa 2 hadi 4 bila kazi, kwa sababu katikati ya mwaka litatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na mtataka pa kuliweka.

Mpango huo ukae ukutani, si ndani ya kompyuta ya mtu mmoja.

Tarehe za mwisho tuzipangeje ili zisivunjwe?

Hesabuni kurudi nyuma. Anzeni na siku ya kugawa vitabu, ondoeni muda ambao mpiga chapa ameutaja kwa maandishi, ondoeni muda wa kusafirisha, ondoeni wiki 2 za kusoma prufu (nakala ya majaribio ya kusahihisha kabla ya kuchapa), na ondoeni wiki nyingine 1 ambayo wanafunzi hawaijui. Kinachobaki ndicho kipindi chenu cha kazi, na kwa kawaida ni kifupi kuliko mlivyodhani.

Kigawanyeni. Tarehe moja kubwa mwishoni ni mtego. Kurasa zote zitafika siku hiyo zikiwa nusunusu. Wekeni tarehe 4 au 5, kila moja na fungu lake la kurasa. Picha za uso na za vilabu zinaweza kukamilika mapema. Michezo inafungwa pale msimu wake unapokwisha. Na mtazame ratiba ya mitihani kabla ya kuandika tarehe yoyote: wiki 2 kabla ya mitihani na wiki zake zote hazina kazi ya kitabu. Mwanafunzi akilazimishwa kuchagua, achague masomo, na kamati isimlazimishe kuchagua.

Picha za simu zinatosha?

Zinatosha kama zimepigwa vizuri na zimefika zikiwa nzima. Uchapaji wa kawaida unataka pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 300 kwa kila inchi. Picha ya megapikseli 12, yenye pikseli 4000 kwa 3000, inaweza kuchapwa kwa upana wa karibu sentimita 34 kwa 25, yaani inajaza ukurasa wa A4. Lakini picha hiyohiyo ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa. Ikibaki na pikseli 1600 kwa upande mrefu, inatosha sentimita 13 na nusu tu. Kwenye kioo cha simu hamtaona tofauti. Kwenye karatasi mtaiona. Kama ni lazima kutumia njia hiyo, itumeni kama faili. Kilicho bora ni kunakili moja kwa moja kutoka simu kwenda kompyuta ya kamati siku hiyohiyo.

Kuhusu upigaji, yapo matatu ninayoyarudia kila wiki. Sogea karibu, kisha sogea tena, usivute kwa vidole kwenye kioo. Mpe dirisha mgongo ili mwanga umwangukie unayempiga. Na subiri: picha ya watu waliojipanga na kutabasamu mnazo za kutosha, inayokosekana ni ile ya msichana anayeuma kalamu akitafuta jibu. Kwa michezo, anayetumia kamera aweke kasi ya 1/500 ya sekunde au ya haraka zaidi, la sivyo mpira na miguu vitakuwa ukungu.

Tuzihifadhije?

Nakala 3, katika vyombo 2 tofauti, na 1 kati yake isiwe ndani ya jengo la shule. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha tukio, kisha herufi za kwanza za jina la mpiga picha. Na majina ya waliomo yaandikwe siku ileile. Baada ya miezi 6 hakuna atakayekumbuka yule wa tatu kutoka kushoto ni nani.

Maelezo ya picha yawe na nini?

Nani, anafanya nini, na jambo moja ambalo jicho halilioni. "Wanafunzi wakifurahia siku ya sayansi" haisemi kitu, furaha tunaiona. Andikeni majina yote ya wanaotambulika, kutoka kushoto, kisha kile ambacho msomaji hawezi kukijua bila kuuliza: kwamba mtambo huo uligoma mara mbili asubuhi ile, kwamba waliazima betri kutoka redio ya mlinzi. Ili kulijua hilo ni lazima mwandishi amfuate mtu amuulize, na ndiyo maana nawafundisha maelezo ya picha kabla ya makala.

Ruhusa za picha zinahitajika?

Ndiyo, za mzazi au mlezi kwa walio chini ya umri wa utu uzima, na zikusanywe mwanzoni mwa mwaka pamoja na fomu nyingine za shule. Fomu itenganishe mambo mawili: picha kwenye kitabu kilichochapwa, na picha mtandaoni. Wapo wanaokubali la kwanza na kukataa la pili, na wana sababu ambazo si lazima watueleze. Alama ya kukataa iwe kwenye jedwali la majina, ionekane na kila msanifu, lakini isijadiliwe. Aliyekataa picha aulizwe kama angependa jina lake liwepo, au maneno yake, au mchoro wake. Wengi hupenda.

Tuweke tuzo za vichekesho, kama "mpenda usingizi wa mwaka"?

Siziweki tena. Waliopigiwa kura hucheka siku hiyo kwa sababu wenzao wanawatazama. Kitabu hukaa kabatini miaka 30, na watoto wao watakifungua. Kama wanafunzi wanataka kurasa nyepesi, waulizeni wote swali moja lenye jibu fupi ("Sauti gani ya shule hutaisahau?") na mchape majibu mengi kadiri nafasi inavyoruhusu. Inachangamsha vilevile, na inawajazia safu wale ambao bado hawajaonekana.

Mwanafunzi au mwalimu akifariki katikati ya mwaka?

Amueni utaratibu mapema, mkiwa watulivu na hakuna msiba. Ukubwa wa nafasi uwe mmoja kwa yeyote, awe maarufu au asiwe, na bila kutazama chanzo cha kifo. Msifanye watu wapime nani alipendwa zaidi. Mwalimu mlezi azungumze na familia yeye mwenyewe, asimtume mwanafunzi. Familia ichague picha na isome maneno kabla ya kuchapwa. Chanzo cha kifo hakiandikwi. Na picha zake nyingine, zile za darasani na uwanjani, zibaki mahali pake. Kuziondoa ni kama kusema hakuwepo.

Mpiga chapa tumuulize nini, na bajeti tuipangeje?

Ombeni makadirio kwa angalau wapiga chapa 3, wote kwa vipimo vilevile: ukubwa, idadi ya kurasa, uzito wa karatasi, rangi au nyeusi, aina ya jalada, na namna ya kujalidi. Vipimo visipolingana, hamtaweza kulinganisha bei. Ofseti, yaani uchapaji wa mabamba yanayotengenezwa kwanza kwa kila kazi, ina gharama kubwa ya kuanzia, kwa hiyo bei ya kila nakala hushuka mkichapa nyingi. Uchapaji wa dijitali huwafaa wenye nakala chache. Pokeeni oda na malipo kabla ya kutaja idadi. Nakala zilizobaki kwenye maboksi ni pesa ya kitabu kijacho iliyopotea.

Muulizeni pia faili analitaka vipi. Kwa kawaida ni PDF, rangi za picha zikiwa zimebadilishwa kuwa za uchapaji (samawati, majenta, njano na nyeusi), na picha zinazofika ukingoni zikivuka mstari wa kukatia kwa milimita 3, ili kisu kikisogea kidogo usibaki mkanda mweupe. Nyuso na maandishi yasikaribie ukingo wala mshono.

Prufu isomweje?

Kwa duru tofauti, kila duru kwa kitu kimoja. Majina kwanza: mmoja anasoma kutoka kwenye prufu herufi kwa herufi, mwingine anafuata kwenye karatasi walizoandika wanafunzi wenyewe. Kisha namba za kurasa na faharasa. Kisha maelezo ya picha, mkihesabu vichwa na majina. Makala mwisho. Someni kwenye karatasi, na mumpe mtu mmoja ambaye hakushiriki kabisa. Yeye ataona kosa la kwenye kichwa kikubwa cha habari ambalo wote mmelipita mara 20.

Wanakamati wakianza kutoweka katikati ya mwaka?

Hilo hutokea, mara nyingi mwezi wa tatu au wa nne wa kazi, msisimko ukishapoa. Toeni kazi ndogo zenye mwisho unaoonekana: kurasa 2, wiki 3, jina lako chini yake. Kila ukurasa uwe na watu 2, ili mmoja akiugua usisimame. Anayeacha aulizwe kwa upole sababu. Mara kadhaa nimekuta mwanafunzi hakuacha kwa uvivu. Hakujua kutumia programu na aliona aibu kusema.

Mwisho wa mwaka tukabidhi nini kwa kamati inayofuata?

Kabrasha moja na diski moja. Ndani yake kuwe na mpango wa kurasa jinsi ulivyoishia, jedwali la majina, fomu tupu za ruhusa na za majina, makadirio yote ya wapiga chapa pamoja na yale mliyoyakataa, kalenda yenye tarehe mlizopanga na tarehe mlizotimiza kweli, faili za mwisho, na nakala ya kazi yenye wino mwekundu. Kila mhariri anayeondoka aongeze ukurasa mmoja kwa mkono wake, akimwandikia mrithi wake kwa jina: nenda sehemu gani na kamera ambako sisi hatukufika.